Saa janja, mapigo ya moyo na kalori wakati wa ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mama mjamzito anayetembea jioni, anayeogelea, anayeendesha baiskeli ya mazoezi au anayenyoosha viungo sebuleni, huku saa ya mkononi ikimwambia amechoma kalori 240. Wengi wanaouliza maswali haya walikuwa wakifuatilia kalori kabla ya kushika mimba, na sasa namba haziwaingii akilini. Majibu hayachukui nafasi ya mkunga wala daktari wako. Kama kwenye kadi yako ya kliniki kuna onyo lolote limeandikwa, anza huko.

Saa inapimaje kalori?

Haipimi, inakadiria. Nyuma ya saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono kisha ikapungua. Sensa, yaani kifaa kidogo cha kuhisi mwanga, inasoma mabadiliko hayo na kuyahesabu kama mapigo. Kipimo kinaishia hapo. Baada ya hapo programu inachukua mapigo hayo, umri wako, jinsia, uzito, kimo na namna mkono unavyosogea, inaviingiza vyote kwenye kanuni ya hesabu, na jibu linaitwa kalori.

Kalori halisi hupimwa maabara, kwa kuvaa barakoa inayopima oksijeni unayoitumia na kaboni dioksidi unayoitoa. Kukadiria kalori kwa mapigo ya moyo ni sawa na kukadiria uzito wa mzigo wa lori kwa kusikiliza ngurumo ya injini. Mara nyingi mzigo mkubwa huja na ngurumo kubwa, lakini injini hunguruma kwa sababu nyingine pia, na ujauzito ni mojawapo.

Basi mapigo yenyewe, inayahesabu vizuri?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60, wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli. Vifaa sita kati ya saba vilihesabu mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Hiyo ni kazi nzuri kwa kitu kinachovaliwa mkononi.

Lakini mwendo huvuruga. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima watu 53 na kuona kwamba wakati wa shughuli kosa lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kuna pia hitilafu ambayo wakimbiaji wanaifahamu: saa inaacha kufuata moyo na kuanza kuhesabu hatua. Ukiona namba imeruka ghafla wakati unatembea kwa raha na pumzi imetulia, usiogope. Simama, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Vidole vyako ndivyo vya kuaminiwa.

Na kalori? Zinakosewa kwa kiasi gani?

Kwa kiasi ambacho kingefanya kifaa chochote cha hospitali kirudishwe kilikotoka. Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kwenye kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kilichofanya vibaya kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 93. Saa ikisema 200, ukweli unaweza kuwa mbali sana na hapo, juu au chini. Na hapo bado hatujaongeza mimba. Vifaa vipya vimetoka tangu wakati huo, lakini tatizo la msingi halijaondoka, maana bado vinakisia kitu kimoja kwa kupima kingine.

Kwa nini mimba inaharibu hesabu zaidi?

Hili ndilo swali kubwa, kwa hiyo twende nalo polepole.

Kanuni zinazogeuza mapigo kuwa kalori zinategemea wazo moja: moyo ukipiga haraka, misuli inatumia oksijeni zaidi. Kwa mtu asiye mjamzito wazo hilo linafaa, hasa kwenye mazoezi ya wastani. Kwa mjamzito moyo una kazi ya pili. Kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa kama asilimia 40 hadi 50 kufikia miezi ya mwisho. Damu inayosukumwa na moyo kwa dakika huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50. Mapigo ya kupumzika hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika. Sehemu ya kupanda huko huanza mapema, kabla tumbo halijaonekana na kabla mizani haijasogea. Moyo unalisha mji wa mimba, kondo la nyuma na figo zinazochuja damu zaidi. Miguu yako haifanyi kazi ya ziada, lakini saa haina njia ya kujua.

Tuchukue kanuni moja ambayo imechapishwa waziwazi. Mwaka 2005 watafiti wa Afrika Kusini, Keytel na wenzake, walitoa kanuni ya kukadiria nishati kutokana na mapigo. Waliitengeneza kwa kupima watu 115 wa miaka 18 hadi 45 waliozoea mazoezi. Kanuni hiyo imesambaa kwenye vikokotoo vingi vya intaneti. Sasa mfikirie mama wa miaka 30 mwenye kilo 65. Kabla ya mimba, nusu saa ya kutembea haraka ilikuwa ikimpandisha hadi mapigo 115. Kanuni inampa kalori 180 hivi. Leo ana mimba ya wiki 12, kilo ni zilezile 65, njia ni ileile na mwendo uleule, ila mapigo ni 130. Kanuni inampa karibu 228. Kalori 48 zimeongezwa, zaidi ya robo ya zile za mwanzo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikutokana na misuli yake kufanya kazi zaidi.

Kadiri juhudi inavyokuwa kubwa, pengo hilo hupungua, kwa sababu mapigo ya mjamzito hayapandi kwa kasi ileile kwenye mazoezi makali. Kwa hiyo huwezi hata kupunguza idadi fulani ya mapigo na kusema umesawazisha.

Nikiingiza uzito wangu mpya kwenye programu, hesabu itanyooka?

Ingiza, lakini usitegemee mengi. Katika kanuni ile ya Keytel, uzito wa mwanamke unatoa badala ya kuongeza. Mama yuleyule akifika kilo 77 na mapigo yakibaki 130, kwa nusu saa kanuni inampunguzia kalori 11. Ukitumia njia nyingine, ile inayozidisha ukali wa zoezi kwa kilo na muda, nusu saa ya kutembea kawaida kwenye tambarare inampa kalori 114 akiwa na kilo 65, na 135 akiwa na kilo 77. Yaani kilo zilezile 12 zinapunguza 11 kwenye kanuni moja na kuongeza 21 kwenye nyingine. Kampuni nyingi hazisemi wazi saa zao zinatumia kanuni ipi.

Kwa kutembea, njia ya pili iko karibu zaidi na akili ya kawaida: ukibeba uzito zaidi unatumia nguvu zaidi. Ila nayo haijui kama umepunguza mwendo, na wajawazito wengi hupunguza.

Mkanda wa kifuani je?

Kwa mapigo, ni bora. Mkanda hausomi mwanga, unasoma umeme wa moyo wenyewe kupitia elektrodi zinazogusa ngozi, kwa hiyo hauchanganywi na mikono inayorushwa. Kampuni ya Polar ya Finland ilianza kuuza mikanda isiyo na waya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo watafiti wengi hutumia mkanda kama kipimo cha kulinganishia saa.

Kwa kalori, haukusaidii sana. Mapigo sahihi yakiingizwa kwenye kanuni isiyokufaa yanatoa jibu lisilokufaa. Nasema hivi kwa sababu akina mama hushawishiwa kununua mkanda kwa bei kubwa wakidhani kalori zitanyooka. Kama unataka mapigo sahihi, nunua. Kama ni kwa ajili ya kalori, hela hiyo ina kazi nyingine mwezi huu.

Ukiutumia, loanisha elektrodi kwa maji kabla ya kuvaa. Mbavu hupanuka mimba inavyokua, kwa hiyo legeza mkanda kila unapoona alama kwenye ngozi au pumzi inabana. Uvae chini kidogo ya matiti, juu ya tumbo. Ukikataa kukaa, acha.

Vifaa hivi vinaweza kumdhuru mtoto?

Mwanga wa kijani haupiti zaidi ya milimita chache za ngozi ya mkono. Mawimbi ya Bluetooth yanayopeleka taarifa kwenye simu ni ya nguvu ndogo sana, chini ya yale ya simu yenyewe unapopiga. Hakuna sababu ya kuvua saa kwa hofu hiyo.

Je, saa inaweza kuchanganya mapigo ya mtoto na yangu?

Hapana. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kawaida 110 hadi 160 kwa dakika, ndiyo maana wengine wakiona 150 kwenye saa wanadhani ni wake. Saa inasoma damu ya mkono wako tu. Mkanda nao unasoma umeme wa moyo wako, na ule wa mtoto ni dhaifu mno kuufikia. Moyo wa mtoto husikilizwa na mkunga, kwa kifaa chake.

Nina ngozi nyeusi, na nimepakwa piko mikononi. Inaathiri?

Kuhusu ngozi, swali ni la haki kabisa, kwa kuwa melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza mwanga wa kijani. Utafiti wa Duke niliotaja uliwekwa makusudi kwa ajili ya swali hili, ukachukua watu wa rangi mbalimbali za ngozi, na haukuona tofauti ya maana katika usahihi wa mapigo. Mwendo ndio uliovuruga zaidi.

Rangi iliyokolea juu ya ngozi ni jambo jingine. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba tatuu na rangi nyingine zinazopakwa kwenye ngozi zinaweza kuzuia mwanga. Kama umepakwa hina au piko kwa ajili ya harusi na ua limekaa hasa pale saa inapokaa, namba zikiruka au zikipotea, hamishia saa mkono wa pili au ipandishe juu ya michoro. Ikae upana wa kidole kimoja au viwili juu ya kifundo, imebana kiasi cha kutotelezeka. Mkono ukivimba, kama inavyotokea jioni katika miezi ya mwisho, ilegeze au ivue. Uvimbe wa ghafla wa mikono na uso, hasa ukiandamana na kichwa kuuma sana au kuona maruerue, ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu presha ya mimba inaweza kuanza hivyo.

Kwa nini mwezi Februari napata kalori nyingi kuliko Julai, na njia ni ileile?

Joto. Aliyetembea Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari anajua mwili unavyofanya: damu inapelekwa kwenye ngozi ili upoe, jasho linapunguza maji, na moyo unaongeza kasi kufidia. Saa inaona kasi hiyo na kuiandika kama kalori. Kwa hiyo siku ambayo ungepaswa kupunguza mwendo, kunywa maji na kutafuta kivuli, saa inakusifia. Tabia hii siipendi kabisa, maana joto kali la mwili, hasa miezi mitatu ya kwanza, ni la kuepukwa. Tembea alfajiri au jua likishuka.

Vitu vingine vinavyopandisha mapigo bila kuchoma kitu cha maana: usingizi mdogo, kahawa, hofu, homa, na pampu ya salbutamol kwa wenye pumu.

Na upungufu wa damu. Huu nauweka peke yake kwa sababu kwetu ni jambo la kawaida mno. Wingi wa damu (hemoglobini) ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu mjamzito ana upungufu, na kwa miezi ya katikati kiwango ni 10.5. Damu ikiwa ndogo, kila pigo linabeba oksijeni pungufu, na moyo unapiga haraka zaidi kufikisha kiasi kilekile. Saa itaonyesha "zoezi kali" na kalori nyingi kwa mama anayepanda ngazi tu. Kama mapigo yako ya kawaida yamepanda wiki hizi, unachoka haraka, na viganja na ndani ya kope vimepauka, kapime wingi wa damu. Vidonge vya madini chuma ulivyopewa kliniki vimezwe, visikae kabatini.

Natumia dawa za presha. Namba zangu ni za kuamini?

Kama ni labetalol, mapigo yako yanashushwa na dawa. Saa itasema hujafanya kitu hata ukiwa unahema. Nifedipine kwa upande wake inaweza kuyapandisha. Usipime juhudi kwa mapigo ukiwa kwenye dawa hizi. Na kabla ya zoezi lolote, muulize daktari kama presha yako inaruhusu.

Niliambiwa mapigo ya mjamzito yasizidi 140. Ni kweli?

Ilikuwa kweli kwenye maandishi. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi na wanawake cha Marekani, ACOG, kiliweka ukomo wa 140. Mwaka 1994 kiliuondoa. Imepita miaka zaidi ya 30, na bado ukomo huo unatajwa kwenye kumbi za mazoezi na kwenye mabaraza ya akina mama. Uliondolewa kwa sababu namba moja haiwezi kumfaa binti wa miaka 20 anayecheza netiboli na mama wa miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Leo ACOG inasisitiza zaidi jinsi unavyojisikia. Kuna kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanza 6 na kuishia 20, na mjamzito anashauriwa kukaa kwenye 13 hadi 14, yaani zoezi lina ugumu kiasi. Wasio na haja ya namba watumie mazungumzo: unaweza kusema sentensi nzima kwa mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kusema, punguza. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa taarabu, ongeza kidogo.

Wanaotaka kuangalia saa wanaweza kutumia mwongozo wa Canada wa 2019. Kwa juhudi ya wastani unataja mapigo 125 hadi 146 kwa walio chini ya miaka 29, na 121 hadi 141 kwa wenye miaka 30 na zaidi. Ni mipaka ya kuongoza, si sheria, na haiwahusu walio kwenye dawa za moyo au presha.

Mimi ni mkimbiaji wa siku zote. Naweza kwenda juu ya hapo?

Waliozoea mazoezi makali kabla ya mimba mara nyingi huruhusiwa kuendelea, kwa uangalizi. Kuna utafiti mdogo wa Norway wa mwaka 2012 uliofuatilia wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki, mimba ya wiki 23 hadi 29. Walipovuka asilimia 90 ya mapigo yao ya juu kabisa, damu iendayo kwenye mji wa mimba ilipungua na mapigo ya mtoto yakashuka, kisha yakarudi walipoacha. Wanawake sita ni wachache, lakini mimi natosheka nao kusema: mbio za kujimaliza pumzi zisubiri. Hapa mkanda wa kifuani unastahili bei yake, kwa sababu unalinda mpaka. Kalori hazihusiki.

Saa inasema nimechoma 300. Nile 300 za ziada?

Usile kwa kufuata saa, na usikatae chakula kwa kufuata saa. Makadirio ya pamoja ya mwaka 2004 ya WHO na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yanasema mjamzito anahitaji nyongeza ya kalori 85 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, 285 miezi mitatu ya pili, na 475 miezi mitatu ya mwisho. Kwa miezi ya katikati, glasi ya maziwa, yai la kuchemsha na ndizi mbivu ndogo vinakufikisha hapo. "Kula kwa ajili ya watu wawili" ni maneno ya upendo ya bibi zetu, lakini si vyakula viwili kamili.

Kuna mtego mwingine. Saa nyingi zina namba mbili, kalori za zoezi na kalori za jumla. Ya jumla ina ndani yake zile ambazo ungetumia hata ukiwa umekaa kwenye mkeka. Ukiichukua hiyo na kuiongeza juu ya mahitaji yako ya siku, unahesabu mara mbili.

Halafu kosa linageuka upande. Mwili wa mjamzito unatumia nishati zaidi hata ukiwa umelala, na kufikia miezi mitatu ya mwisho ongezeko hilo ni karibu robo ya kawaida. Kanuni ya saa ya kalori za kupumzika imetengenezwa kwa umri, kimo, uzito na jinsia, haina habari na kondo la nyuma. Kwa hiyo inaweza kukuzidishia kalori za zoezi huku ikikupunguzia za kupumzika. Makosa hayo mawili hayafutani kwa utaratibu wowote unaoweza kuutegemea.

Mwongozo wako mzuri ni mizani ya kliniki. Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009 ilipendekeza ongezeko la kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima kwa mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida kulingana na kimo chake, kilo 12.5 hadi 18 kwa aliyeanza mwembamba, 7 hadi 11.5 kwa aliyeanza na uzito uliozidi, na 5 hadi 9 kwa mwenye unene mkubwa. Mkunga akiona mstari wako unaenda vizuri, chakula chako kinatosha, saa iseme inavyosema.

Nilianza mimba nikiwa mnene. Naweza kutumia saa kupunguza kilo sasa?

Tafadhali, hapana. Hata kwa aliyeanza na unene, mapendekezo yale hapo juu ni ya kuongezeka kidogo, si kushuka. Kujenga pengo la kalori kwa namba yenye kosa la robo au zaidi ni kumnyima mtoto kwa makadirio. Zoezi lenyewe lina faida kwako bila kugusa mizani: linasaidia sukari, presha, usingizi na mgongo.

Nina sukari ya mimba, nimeambiwa nitembee baada ya kula. Nifikishe kalori ngapi?

Hesabu dakika. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo kunasaidia. Jibu utalipata kwenye kipimo cha kidole, kwa saa ile uliyoelekezwa kupima. Kama unatumia insulini, beba kitu cha sukari mfukoni.

Mazoezi yapi saa inayakosea zaidi?

Kunyanyua vyuma na mazoezi ya kubana misuli: mapigo yanapanda kwa kukaza pumzi na misuli, nishati inayotumika haifuati. Yoga ya wajawazito: mkono umekunjwa au umebeba uzito wa mwili, mwanga unapotea. Kusukuma toroli au kigari cha mtoto wa kwanza: mkono hausogei, hatua hazihesabiwi.

Kuogelea kuna habari yake. Maji huingia kati ya sensa na ngozi, na juu ya hilo mwili ukiwa majini moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile. Mama anatoka majini amechoka vizuri, saa inampa kalori chache, anajiona hajafanya kitu. Naumia nikisikia mtu ameacha kuogelea kwa sababu hiyo, maana miezi ya mwisho hakuna zoezi linalopumzisha mgongo na nyonga kama hilo.

Kazi za nyumbani zinahesabika?

Zinahesabika hata kama saa imeachwa mezani. WHO katika mwongozo wa 2020 inapendekeza mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya afikishe angalau dakika 150 za juhudi ya wastani kwa wiki, na kwenda sokoni kwa miguu, kufagia uwanja au kupanda ngazi za ofisini kumo humo. Kunyanyua ndoo nzito mara nyingi kwa siku hakuhesabiki kama faida. Gawa na watu wa nyumbani.

Sasa saa inanifaa kwa lipi?

Kwa mengi, ukiiondolea kalori. Ina dakika zako za wiki. Inakukumbusha usimame ukikaa muda mrefu. Na ina mapigo ya kupumzika, ambayo ni hazina: yaangalie kila asubuhi kabla ya kuinuka, kwa muda wa wiki kadhaa. Kupanda polepole mimba inavyokua ni kawaida. Kupanda ghafla siku mbili tatu mfululizo kunaweza kuwa homa inayoanza, malaria, upungufu wa maji au damu, na hiyo ni sababu ya kwenda kupima. Ukiweza, kwenye mipangilio ya saa ficha kabisa namba ya kalori mpaka ujifungue.

Nisimame lini, hata kama saa inaonyesha mambo ni shwari?

Damu ikitoka ukeni, maji ya chupa yakivuja, tumbo likiuma au likibana kwa mpangilio, kifua kikiuma, kichwa kikiuma sana, kizunguzungu, pumzi kukatika kabla hata hujaanza, miguu kukosa nguvu, au shavu la mguu mmoja, nyuma ya muundi, kuuma na kuvimba. Pia mtoto akipunguza kucheza. Hapo huangalii saa, unatafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Na wapo ambao hawapaswi kuanza kabisa mpaka daktari aseme: wenye kifafa cha mimba au dalili zake, kondo la nyuma lililoziba njia, mlango wa kizazi uliolegea, chupa iliyopasuka, au upungufu mkubwa wa damu.

Nikishajifungua, kalori za saa zitakuwa sahihi tena?

Mapigo ya kupumzika hurudi kuelekea kawaida yako ndani ya wiki kadhaa, na kanuni inarudi kwenye makosa yake ya siku zote. Ila kwa anayenyonyesha kuna deni ambalo saa haiwezi kuliona. Kutengeneza maziwa katika miezi sita ya kwanza kunagharimu karibu kalori 675 kwa siku kwa makadirio ya FAO na WHO. Kwa mama aliyelishwa vizuri, kama 170 zinatoka kwenye akiba ya mafuta ya mimba, na 505 lazima zitoke kwenye sahani. Saa itamwandikia mama aliyekaa kitandani akinyonyesha siku nzima kwamba hajafanya chochote. Ale.